Stempu Kumi na Mbili Nilizodai Kuziona

Adhiambo alinipigia simu siku chache baada ya mazishi ya baba yake. Nilikuwa na sababu zangu za kutofika Port Victoria alikozikwa, nimezipanga vizuri kama mtu anayetetea tasnifu, lakini hakunipa nafasi ya kuzimaliza. "Hiyo tuachane nayo," alisema. "Njoo tuangalie albamu za Mzee. Mtoto wa kaka yangu anazitaka, na mimi sitaki kumpa mtoto kitu ambacho sijui kama ni sawa." Nikasema nitafika Jumamosi. Nilipokata simu nilikaa jikoni nikiangalia birika likichemka hadi maji yakapungua nusu. Nilijua vizuri ni wapi si sawa. Katika albamu ya tatu ya Mzee Ogola kuna ukurasa wenye stempu kumi na mbili, chini ya kila stempu kuna maelezo kwa mwandiko wangu, na maelezo yote kumi na mawili ni ya uongo. Kama yangekuwa makosa tu ningekwishajisamehe zamani, maana makosa nimefanya makubwa kuliko hayo na mengine yamechapishwa magazetini. Haya niliyatunga, nikamtungia mtu aliyekuwa akipofuka.

Mwaka huo nilikuwa nangoja chuo kikuu. Siku zile mtu alimaliza shule, akafaulu, kisha akaketi nyumbani akingoja hadi watu wakaanza kuuliza kama kweli alifaulu. Mimi nilikuwa nimefaulu kwa kishindo, na Ahero nzima, mji wetu, ilijua, kwa sababu nilihakikisha inajua. Basi Mama Adhiambo alipokuja kanisani kwetu kumtembelea mtu wake, akauliza kama kuna msichana mwenye mwandiko mzuri na macho mazuri wa kumsaidia mumewe huko Kisumu kwa miezi kadhaa, watu wote walinigeukia. Mwandiko wangu waliuona kwenye ubao wa nyimbo. Macho yangu hakuna aliyeyapima.

Walikaa katika nyumba ya zamani ya mawe upande wa bandarini, vyumba vitatu, sakafu ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu na kusuguliwa hadi ukijitazama unajiona umenenepa. Nilipewa kitanda cha Adhiambo, ambaye alikuwa shule ya bweni. Sebuleni, chini ya dirisha la mashariki, kulikuwa na meza ambayo hakuna mtu aliyeruhusiwa kuweka kikombe juu yake. Palikuwa na kioo cha kukuzia, kibanio kidogo cha chuma cha kushikia stempu, kisahani cheusi, chupa ndogo ya ile benzini ya kujazia viberiti, na albamu tatu nene. Mzee Ogola alikuwa amestaafu kazi ya kupanga barua posta. Maisha yake yote alikuwa amekusanya stempu za zamani za Afrika Mashariki, zile zenye kichwa cha mfalme, akiziomba maofisini, akizikata kwenye bahasha zilizokuwa zikitupwa. Alikuwa mrefu, mwenye suruali iliyopigwa pasi hata siku ambazo hakuwa anatoka, na ulimi ambao haukuwa umestaafu.

"Wewe ndiye nyar Ahero," aliniambia siku ya kwanza, na kuanzia hapo hilo likawa jina langu: binti wa Ahero. "Wanasema uko na akili nyingi."

"Najaribu, Mzee."

"Hapa akili haitusaidii. Nataka macho. Yangu iko karibu kufunga duka."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Stempu mbili zinaweza kuwa na mfalme yuleyule, bei ileile, rangi ileile, na zikawa stempu mbili tofauti kabisa kwa sababu ya karatasi. Moja imepigwa chapa kwenye karatasi ya kawaida. Nyingine ni ya chaki: karatasi iliyopakwa unga mwembamba mweupe juu yake, ili mtu akijaribu kuosha muhuri wa posta aitumie stempu tena, wino wote uondoke na mfalme aondoke naye. Mzee alinionyesha kwa stempu iliyochanika. Aliichovya kwenye maji, akaisugua kidogo kwa kidole, na uso wa mfalme ukatoka kama vumbi la ubaoni. "Umeona? Sasa ukiweka stempu yangu moja kwa maji, nitakurudisha Ahero kwa mguu." Kulikuwa na njia za kutambua. Ya chaki ukiiinamisha kwenye mwanga inang'aa kidogo, kama paji la uso la mtu aliyejipaka mafuta. Ukipitisha ukingo wa fedha pembeni kabisa ya stempu, karatasi ya kawaida haionyeshi kitu, lakini ya chaki inabaki na mstari mwembamba wa kijivu, kama umegusa kwa penseli. Fedha yetu ilikuwa pete ya Mama Adhiambo, ambayo aliivua kila asubuhi saa tatu na kuidai kila adhuhuri kama mtu anayekusanya ushuru. Ukiilaza stempu kifudifudi kwenye kisahani cheusi na kuidondoshea benzini, alama iliyofichwa ndani ya karatasi inajitokeza, taji na herufi. Na ukiiinua dirishani, unaweza kuona kama karatasi yenyewe ni laini tupu, au ina mistari ndani yake kama ya daftari. Stempu chache za nchi nyingine zilikuwa na mistari hiyo. Nyingine chache, za Ulaya, zilikuwa na nyuzi ndogo nyekundu na buluu zilizotawanyika ndani ya karatasi. Mzee alikuwa nazo tatu, na aliwaonyesha wageni jinsi watu wengine wanavyoonyesha picha za harusi.

Kanuni yake ilikuwa moja na aliirudia hadi nikaichukia. Hakutaka nimwambie stempu ni ya aina gani. "Niambie unaona nini. Aina nitasema mimi." Basi nilisema: naona inang'aa, naona mstari wa pete, naona taji limelala upande. Yeye alifumba macho akasikiliza, akaipitishia stempu ncha ya kidole, akatoa hukumu, nami nikaandika chini yake kwa wino mweusi. Siku nzuri tulimaliza stempu saba. Nilipochoka nikasema, "Hii ni ya chaki, Mzee," aliniuliza kama chuo kikuu kimenituma nihukumu au nione. Siku moja ilikuja stempu nyeusi kwenye karatasi ya kijani, na bila kuambiwa niligeuza nyuma yake, nikasema, "Mbele ni kijani, lakini nyuma ni nyeupe." Alipiga meza. "Wuoi! Mama Adhiambo, huyu mtoto amegeuza! Muongeze sukari." Nimepata tuzo moja au mbili za uandishi tangu siku hiyo. Hakuna iliyokuwa tamu kama ile chai.

Kwa nini haya yote, sikujua hadi wiki ya tatu, na nilijua kwa kusikiliza yasiyonihusu. Nilikuwa naosha vyombo nyuma ya nyumba, na upande wa pili wa ua wa mabati Mama Adhiambo alikuwa anaanika nguo na jirani yake. Jirani alisema, "Lakini wewe nawe. Mwanaume anapoteza macho, na bado mnapanga karatasi?"

"Wacha apange. Nikimwondolea hiyo karatasi atabaki akinipanga mimi."

Walicheka. Kisha sauti ya Mama Adhiambo ikashuka. "Daktari alisema ni presha ya macho. Alisema miezi, hakusema mingapi. Sasa anataka kila kitu iandikwe chini. Anasema akishafunga macho, hizo zitakuwa karatasi tu mkononi. Lakini kama imeandikwa vizuri, tutakuwa tunamsomea, na yeye atakuwa anaziona."

Nilisimama na sufuria mkononi maji yakinitiririkia miguuni. Nilikuwa nimedhani naandika lebo. Siku hiyo niliapa, kwa ile bidii ya watu wa miaka kumi na tisa ambayo haigharimu kitu, kwamba sitaandika neno lisilo kweli.

Niliishika ahadi hiyo kwa miezi minane, na hiyo si haba. Kadiri mwaka ulivyokwenda niliona kioo cha kukuzia kikihama kutoka mkononi mwake hadi katikati ya meza, kisha ukingoni, kisha kwenye droo. Mezani nako mambo yalibadilika kimyakimya. Mama Adhiambo alianza kumtolea samaki miiba kabla ya kumwekea, hadi siku moja mzee akapapasa sahani na kukuta nyama tupu. "Hii nini?" aliuliza. "Mimi ni paka mgonjwa?" Mama akamrudishia samaki mzima, mbuta mwenye kichwa na mkia, na sisi wawili tukakaa bila kula, tukimwangalia akimchambua kwa vidole, polepole, mwiba baada ya mwiba, akiipanga pembeni ya sahani kwa mstari ulionyooka. Alipomaliza alisema, "Sasa mnaweza kupumua." Usiku huo nilielewa kwamba alijua wakati wote tunapomtazama.

Barua ya chuo kikuu ilifika mvua za mwisho wa mwaka zilipokuwa zimeanza. Nilitakiwa kuripoti haraka, jinsi watu waliokungojesha muda mrefu wanavyopenda kukuharakisha. Tulikuwa tumebakiza ukurasa mmoja, naye alikuwa ameuacha mwisho kwa makusudi: stempu kumi na mbili kutoka kwenye bahasha zilizokuja kwa meli kupitia ziwani, zote zikiwa na muhuri wa Kisumu. Hizo alizipenda kuliko zote. Lakini wiki hiyo Mama Adhiambo aliitwa Port Victoria kwenye msiba, na pete ikaenda kidoleni mwake. Benzini ilikuwa imekwisha, na duka tulilokuwa tukinunua likasema wiki ijayo. Mbingu ilifunga siku tatu mfululizo, dirisha la mashariki likawa kama ukuta wa pili. Asubuhi ya siku ya tatu, basi langu likiwa ni la kesho yake, tuliketi mezani.

"Hatuna mwanga, Mzee," nilisema.

"Mwanga mimi sijaulizia mwezi wa pili sasa. Wewe uko nao wa kutosha?"

Hapo ndipo lilipohitajika neno moja tu. Sioni. Nilikuwa nimeshalitamka mara nyingi mwaka huo, na kila mara alijibu, "Basi weka kando, kesho." Lakini sasa hakukuwa na kesho, na mimi nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, barua iko mfukoni. Niliinua stempu ya kwanza kwenye lile dirisha la kijivu. Niliona mfalme. Zaidi ya hapo sikuona kitu.

"Unaona nini?"

"Naona mistari," nilisema.

"Mistari," alirudia.

"Ndiyo. Myembamba. Imekaribiana, kama ya daftari."

"Haya. Ya pili?"

Mtu akianza kuona vitu ambavyo havipo, anaviona vingi. Ya pili niliipa mistari ya wima, ya tatu ya kulala. Ya nne niliipa nyuzi, nyekundu na buluu, nikasema zimekaa kama nywele kwenye mto. Nakumbuka nilivyofurahia mfano huo. Ya saba niliipa mng'ao "kama wa ziwa saa sita," na hapo, wasomaji wangu, mnaweza kuona mwandishi akizaliwa, na mnaweza kuona pia kwa nini mkunga alipaswa kusita. Mzee hakutoa hukumu hata moja. Hakuipitishia kidole stempu yoyote. Alikaa mikono magotini, na nilipomaliza ya kumi na mbili alivua miwani yake ambayo haikuwa na kazi tena, akaifuta kwa shati, akaivaa.

"Andika," alisema. "Kama ulivyosema. Usiache neno."

Niliandika kwa mwandiko wangu bora wa mwaka mzima. Kesho yake alinisindikiza hadi mlangoni, akanishika mkono, akasema, "Soma. Na ule," nami nikaenda. Mwaka wa pili, katika maktaba ya chuo, nilifungua kitabu kikubwa cha stempu kwa kujifurahisha, nikasoma kwamba stempu za nchi zetu za mfalme yule hazikupigwa chapa kwenye karatasi ya mistari, wala ya nyuzi. Nilifunga kitabu polepole kama mtu anayefunga mlango wa chumba chenye mgonjwa. Nilijiambia kwamba mzee alikuwa amechoka siku ile, au alikuwa amesahau. Nilijiambia nitaenda likizo nikamweleze. Kisha ikawa likizo nyingine, kisha ndoa, kisha kazi, kisha talaka, na kila nilipopita Kisumu nilipita upande ambao haufiki bandarini. Watu wengi wana mji wasioweza kuingia. Mimi nina barabara moja.

Jumamosi hiyo nilimkuta Adhiambo huko Kondele, nyumbani kwake, chumba cha nyuma ya duka lake la ushonaji. Mama yao alitangulia miaka mingi iliyopita, na baada ya hapo mzee alihamia kwake. Ni mwanamke mnene sasa, mwenye kipimo cha nguo shingoni na miwani kama ya baba yake. Aliniandalia omena na ugali, akanikalisha kati ya cherehani mbili, na tulipomaliza kula akaleta albamu zimefungwa kwa kitambaa cha bitana. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na pete ya fedha mkobani, chupa ya benzini, taa ndogo yenye mwanga mkali, na hotuba.

"Adhiambo, kabla hujafungua," nilisema. "Kuna ukurasa mmoja si wa kweli. Ule wa meli. Niliudanganya. Sikuona kitu siku ile, nikatunga. Nimekuja kuurekebisha."

Aliniangalia kwa muda, kisha mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, hadi akavua miwani.

"Nyar Ahero. Yaani umekuja na benzini yako kutoka Nairobi kuniambia hiyo?"

"Alijua?"

"Alijua! Mimi nilikuwa namsomea kila Jumapili tukitoka kanisani. Albamu ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya, anatikisa kichwa tu. Tukifika huo ukurasa anajiweka sawa kwa kiti. Ananiambia, 'Haya, soma pale nyar Ahero ameona vitu.'"

Sikujua niangalie wapi. Niliangalia cherehani. "Kwa nini hakunizuia?"

"Nilimuuliza. Alisema ulikuwa unaondoka, na hukutaka kumwacha na ukurasa mtupu. Alisema ulimwonea huruma."

Tafsiri hiyo ilikuwa nzuri, nami ninaishi kwa tafsiri nzuri. Ningeweza kuichukua, nikashukuru, nikarudi nayo nyumbani. Lakini nilikuwa nimeshakaa kwenye ile meza mwaka mzima. "Haikuwa huruma," nilisema. "Niliogopa kuonekana mjinga."

"Ee," alisema Adhiambo, akipangusa macho kwa ncha ya kitambaa. "Hiyo pia alisema."

Nilitoa pete na taa nikaziweka mezani. Nikamwambia kazi yenyewe ni ya saa moja tu, nitaangalia moja moja, nitaandika upya kwa penseli chini ya yale maneno, ili kijana wa kaka yake apate kitu sahihi. Alikubali. Alisema ndivyo baba yake angetaka, kijana apewe ukweli. Lakini nilipovuta albamu upande wangu aliweka kiganja juu yake.

"Ngoja. Kwanza nikusomee."

"Nayajua maneno yangu, Adhiambo."

"Umeyaandika. Hujayasikia."

Alifungua ukurasa, akausogeza mbali kidogo jinsi sisi wa umri huu tunavyofanya, akasafisha koo. Alisoma bila haraka, kwa sauti ya mtu aliyesoma kitu kilekile mamia ya mara na bado hajakichoka. Stempu ya kwanza, mistari myembamba, imekaribiana, kama ya daftari. Akanyamaza. Nilidhani amepoteza mstari, nikainua macho. Alikuwa ameinamisha kichwa upande, ananingoja.

"Hapa alikuwa anacheka," alisema.

Akangoja kidogo zaidi, muda wa mtu kumaliza kicheko chake, kisha akaendelea na ya pili.